Kisomo cha Watu Wazima Tulikuwa Nacho, Tukakiachia Wenyewe

Juzi mwenzangu kazini, Mmarekani, kaniuliza kama kwetu Tanzania kuna kitu kama haya madarasa ya bure ya watu wazima kwenye maktaba za hapa Queens, New York. Aliuliza kwa nia njema, lakini ile sauti ya huruma ilinichoma. Nikamwambia Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, yeye hajazaliwa. Kwamba 1973 watu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kampeni ya Mtu ni Afya, wakatoka hapo wakaenda kuchimba vyoo. Kwamba kwa takwimu za serikali, 1967 wasiojua kusoma walikuwa theluthi mbili ya watu wazima, na kufikia 1986 wakabaki kama mmoja katika kumi.

Fahari ikanijaa. Halafu ikanishuka, maana yeye aliuliza kuhusu leo.

Leo mama wa miaka arobaini na tano, anayeuza mboga mchana kutwa, akitaka kujifunza kompyuta jioni aende wapi? Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inajitegemea kisheria tangu 1975, siidharau. Maktaba za mikoa nazo zipo. Ingia uone: wanafunzi wa kidato cha nne wamejipanga na mitihani ya miaka iliyopita. Mtu mzima akitokea ataulizwa anasomea nini, kana kwamba bila cheti mwishoni hana haki ya kukaa pale.

Huku nimekaa kwenye darasa la Kiingereza, somo lilikuwa kujaza fomu ya hospitali. Bibi mmoja kutoka Ekwado aliandika jina lake, akafuta, akaandika, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu akamwekea nyingine mbele yake, akaendelea na somo. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyedai pasipoti, wala barua ya mtendaji wa mtaa. Kwetu bibi yule angeshaambiwa, "Ukubwani huu unatafuta nini?"

Najua mtakachosema. Kakaa Marekani kidogo, ameanza kutusimanga. Simsimangi mtu, nimelelewa na bibi aliyejifunza kuandika jina lake kwenye kisomo, na nalisema hili kwa ajili yake. Mtasema wenzetu wana pesa, kwamba 1901 tajiri wa chuma Andrew Carnegie alitoa dola milioni 5.2 kujengea New York matawi ya maktaba. Ni kweli. Sisi mwaka 1970 tulikuwa na Carnegie gani? Waliofundisha ni walimu wa shule za msingi na vijana waliomaliza darasa la saba, jioni, kwa chaki na ubao.

Mwingine atasema siku hizi simu ina kila kitu. Simu haimwoni aliyetoboa karatasi.

Ninachodai ni kidogo. Majengo ya maktaba za mikoa yaachwe wazi mpaka saa mbili usiku, hata siku mbili kwa wiki, na anayekuja kujifunza asitozwe hata senti. Walimu wastaafu tunao wengi, wamekaa vibarazani na akili zao timamu. Walipwe posho ya kueleweka waje wafundishe. Anayesema haiwezekani, anieleze kwanza wazee wetu waliwezaje kwa mwanga wa karabai.