Jipime kwa uliyoyatenda

Mara ya kwanza kujaza dodoso la kuchagua kazi, nilijidanganya. Sikukusudia. Niliulizwa kama napenda kuongoza watu, nikajibu "sana", kwa sababu watu niliowaheshimu wote walikuwa viongozi. Majibu yakanieleza mtu niliyetamani kuwa. Nikamfuata mtu huyo miaka miwili, nikapewa watu wa kusimamia, na kila Jumapili jioni moyo ukawa mzito.

Tangu hapo naamini kwamba wengi wetu tunapojitathmini tunaanzia pabaya. Tunajiuliza tunapenda nini, ilhali ushahidi umelala katika yale tuliyokwisha kuyafanya bila kusukumwa na mtu.

Shughuli yenyewe si ya leo. Mwaka 1908, katika jiji la Boston, Marekani, Frank Parsons alianzisha ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Alifariki mwaka huohuo, na kitabu chake kikatoka 1909. Alitaka mambo matatu: ujijue, uijue kazi unayoitazamia, kisha ufikiri kwa makini jinsi viwili hivyo vinavyooana. Mwaka 1959 mwanasaikolojia John Holland akaeleza makundi sita ya mielekeo: kazi za mikono na vifaa, uchunguzi, sanaa, kuhudumia watu, kushawishi na kuongoza, na kazi za utaratibu na kumbukumbu. Mfumo wake nauheshimu, maana haukufungii katika chumba kimoja. Huangalia makundi kadhaa yanayokuvuta, na lipi linatangulia. Kile kipimo maarufu cha aina 16 za haiba sikipi uzito huo. Si wachache wanaokirudia baada ya wiki chache na kujikuta ni watu wa aina nyingine.

Lakini hata kipimo kizuri kinategemea ukweli wa anayejibu. Kwa hiyo mimi nilianza na daftari. Kwa mwezi mzima, kila jioni, niliandika nilichofanya siku hiyo kwa vitenzi tu: nilipanga, nilibishana, nilihesabu, nilieleza. Vyeo nilivipiga marufuku humo, kwa kuwa cheo hukupofusha. Pembeni niliweka alama kwenye jambo lililonifanya nisahau saa, na alama nyingine kwenye jambo nililolifanya bila kuombwa. Mwezi ulipoisha, "nilisimamia" halikuwa na alama hata moja. "Nilieleza" na "nilisahihisha" yalijaa alama. Nilikaa nikalitazama daftari lile kwa muda mrefu.

Kisha nikawauliza wawili niliowahi kufanya nao kazi: mlikuwa mkinijia kwa shida gani? Ndugu sikuwauliza, wangenisifu kwa mapenzi.

Jambo la pili la Parsons, kuijua kazi, ndilo tunaloliruka zaidi. Tunaijua kazi kwa sura yake ya nje. Mwanasheria tunamwona akisimama mahakamani, hatumwoni akisoma mikataba kurasa kwa kurasa. Ukimpata mtu aliye ndani ya kazi unayoitamani, mwombe akusimulie siku yake ya kawaida, ile isiyo na tukio lolote. Ukiona siku hiyo unaweza kuiishi mara mia mbili kwa mwaka, endelea kuuliza.

Na mahitaji yako yaandike pia, bila aibu. Aliye na wadogo wanaomtegemea hawezi kuambiwa afuate moyo tu. Mshahara na saa za kazi ni sehemu ya tathmini, na ushauri unaoziruka hizo umeandikiwa mtu mwenye akiba. Tena si lazima kila mara uhame. Mimi nilianza kwa kuomba nibadilishiwe majukumu palepale nilipokuwa: niwafundishe kazi wafanyakazi wapya, mwingine asimamie.

Daftari bado ninaliandika. Wiki iliyopita "nilieleza" limetokea mara tisa.