Jani la Mepo Halina Kazi Kwenye Kisu Chetu

Karakana moja ya visu hapa Marekani imenijibu, kwa adabu zote, kwamba oda yetu itapendeza zaidi ikiwa kila kisu kitachorwa kwa leza jani la mepo, ule mti wa utomvu mtamu uitwao "maple" kwa Kiingereza, mpini ukawa wa mepo iliyotiwa rangi ya kaharabu, na vyote vikaletwa ndani ya kisanduku chenye mfuniko wa kioo ili vipambe sebule. Barua yangu ilikuwa imeeleza kwa kirefu kwamba ukoo wa mume wangu umekuwa ukigema mepo na kuchemsha utomvu wake uwe shira, kaskazini mwa jimbo la Vermont, tangu enzi za babu yake, kwamba tunataka visu vya kukunja vya kutia mfukoni kwa ajili ya watu waliozeekea katika kazi hiyo, na kwamba mbao ya mipini tunayo sisi wenyewe. Nadhani aliyejibu alisoma neno "mepo" akaishia hapo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na karakana hii imesifiwa mno mitandaoni.

Kwanza hilo jani. Msimu wa kugema huanza mwishoni mwa Februari au mwezi wa Machi, wakati usiku maji yanaganda na mchana theluji inayeyuka, kwa kuwa ni kupanda na kushuka huko kwa joto ndiko kunakosukuma utomvu. Na katika majuma yote hayo mti uko mtupu, hauna jani hata moja. Machipukizi yakianza kufunguka, utomvu hubadilika, shira inayotokana nao huharibika ladha, na kila mwenye busara hung'oa mirija aliyoipachika mtini akaenda kuosha masinia ya kuchemshia. Jani, kwa mtu wa kazi hiyo, ni tangazo kwamba kazi imekwisha. Wakanada wameliweka kwenye bendera yao tangu 1965, nao waendelee kulipeperusha kwa amani. Mimi nimekulia Tanga, na sijapata kumwona mgema wa mnazi akipanda bila kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni, wala sijapata kuona kotama iliyochorwa nazi.

Jani ningeweza kulimeza. Suala la mbao siwezi.

Mepo hugemwa kwa kutobolewa tundu la mrija, na mti uliogemwa hauliponyi tundu hilo, bali hulitenga. Mbao iliyo juu na chini ya tundu hufa, ikageuka rangi ikawa ya kahawia au kijivu, ukatokea mlia mrefu mwembamba unaofuata nyuzi za mti. Na kwa kuwa sehemu hiyo haipitishi utomvu tena, mwenye kugema mwaka unaofuata hana budi kuisogeza keekee yake pembeni na kutafuta mbao nyeupe, iliyo hai. Mti nao huendelea kujiongezea tabaka jipya kila mwaka, tundu likafunikwa, na baada ya muda ukiutazama kwa nje huoni kitu. Ndani yote yamo. Ukilipasua gogo unayakuta matundu mapana ya milimita 11, ya enzi za ndoo za mabati, na yale membamba ya milimita 8 ya siku hizi za mipira ya plastiki inayovuta utomvu kwa pampu. Na ukihesabu pete kutoka tunduni hadi kwenye gome unaweza kutaja mwaka lilipotobolewa, na kwa ukoo usiohamahama kama huu, unaweza hata kumtaja aliyeishika keekee. Viwanda vya mbao huyakataa magogo hayo au huyanunua kwa bei ya kutupa, wala siwalaumu, kwa sababu mrija wa chuma uliosahauliwa ndani ya gogo huharibu meno ya msumeno. Ila mimi sina kiwanda.

Mbao yetu imetoka kwenye mti mmoja wa namna hiyo. Ulivunjwa matawi na dhoruba ya barafu ya Januari 1998, ile iliyoangusha misitu na nguzo za umeme kuanzia Quebec hadi New York, ukapumzishwa, ukagemwa tena kwa huruma, mpaka upepo ulipoumaliza. Baba mkwe alikataa usipasuliwe kuni. Katika banda ambamo lita 40 hivi za utomvu huchemshwa ili kupata lita moja ya shira, na tanuru hulishwa hadi usiku wa manane, kulinusuru gogo kavu na moto si jambo dogo, na watoto wake walimwona kama anaanza kuzeeka vibaya. Mbao zikakaa darini zikikauka polepole. Leo naambiwa kwamba mlia wa tundu "utavuruga mwonekano" wa mpini, kwa hiyo ni heri ninunuliwe mepo safi ya ghalani ipakwe rangi! Mlia huo ndio oda yenyewe. Pasipo mlia, ningekwenda dukani nikachagua kisu chochote, nikalipa na kuondoka.

Kuna jambo moja ambalo karakana imesema kweli, nami nalikubali shingo upande. Mepo hunywa unyevu na kujipinda, na penye tundu mbao huwa imedhoofika, kwa hiyo lazima inyonyeshwe gundi ya plastiki ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, kisha iokwe mpaka iwe ngumu. Mpini utakuwa nusu mti, nusu plastiki. Silipendi wazo hilo hata kidogo, lakini mpini uliopasuka haumheshimu mtu yeyote.

Kuhusu ubapa, walipendekeza wenye ncha kali iliyopinda, kana kwamba tunakwenda kuchuna swala. Kisu cha mgema wa leo hukata mipira, na mpira usipokatwa sawasawa kiungo huvujisha hewa, pampu ikavuta bure. Kisu cha mgema wa zamani ndicho kilichochonga mirija yenyewe, kutokana na vijiti vya vichaka vyenye moyo laini. Kazi zote mbili zinataka makali yaliyonyooka na ncha butu. Chuma kiwe cha kaboni, namba 1095, kinachobadilika rangi kwa kadiri kinavyotumika. Ndiyo, kitashika kutu katika banda lililojaa mvuke, na asiyeweza kupangusa kisu chake asipewe kisu. Shira ikiingia kwenye bawaba, maji ya moto yapo.

Orodha ya kwanza ya watakaopewa ilikuwa ya wanaume watupu. Nimeirekebisha, kwa sababu shangazi yake mume wangu ndiye anayeamua lini shira imeiva, kipimajoto kikisoma nyuzijoto 4 hivi juu ya kiwango cha kuchemka kwa maji, na yeye hukiangalia kipimajoto kwa heshima tu, maana ameshaiona ikidondoka kwenye upawa kwa utandu mpana badala ya matone. Bei ni kubwa, na shemeji anayesema fedha hiyo ingenunua ndoo mpya ana hoja. Ndoo tunazo.

Nimemwandikia fundi mwingine, afanyaye kazi peke yake, nikamtumia picha za mbao zetu na milia yake. Hakutaja jani wala kisanduku. Aliuliza mipira tunayokata ina upana gani. Nimemjibu kuwa ni milimita 8, na malipo ya awali nimeshatuma.