Vifuko vya tegu kwenye ini: kovu fupi, hatari ya tone moja

Ubishi kuhusu upasuaji wa matundu madogo kwa vifuko vya tegu wa mbwa huishia kwenye urefu wa kovu, na hapo ndipo unapopotea njia. Jambo zito ni kutoa majimaji ya kifuko bila tone kumwagika tumboni. Tone hilo hubeba vichwa hai vya tegu, ambavyo vikitua kwenye utando wa tumbo huota vifuko vipya miaka kadhaa baadaye. Laweza pia kuleta mshtuko wa mzio mgonjwa akiwa bado mezani, ndiyo maana adrenalini huandaliwa mapema.

Watetezi wa upasuaji huo, yaani laparoskopia, wana hoja. Maumivu ni machache na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Hoja yao nzito zaidi haitajwi sana: kamera huingia ndani ya kifuko kilichonyonywa, ikaonyesha vifuko vitoto vilivyojificha na mdomo wa mrija wa nyongo unaovuja.

Wapinzani nao hawabahatishi. Tumbo likiwa wazi, ini huzungushiwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi ya asilimia 20, yanayoua vichwa vya tegu. Kupitia matundu, kinga hiyo ni ngumu kuipanga vizuri. Kifuko cha hatua ya CE1 (ultrasaundi hugawa vifuko hatua CE1 hadi CE5; CE1 ni kifuko hai chenye maji matupu) kimejaa kwa shinikizo, kwa hiyo kikitobolewa kwa sindano nyembamba, maji huchuruzika kando yake. Dawa yake ni bomba pana linalonyonya tangu linapogusa ukuta wa kifuko, na mrija wa pili wa kunyonya ukisubiri kando.

Maji yakitoka angavu, chumvi hiyo huingizwa, huachwa dakika 10 hadi 15, kisha hunyonywa. Yakiwa na rangi ya nyongo, haiingizwi kitu: kuna njia ya kwenda kwenye mirija ya nyongo, na chumvi hiyo itaiunguza na kuacha makovu. Baadaye sehemu ya ukuta inayochomoza hukatwa, uvujaji wa nyongo hushonwa, na vipande hutolewa ndani ya mfuko.

Vifuko vya nyuma ya ini, vinavyogusa vena kuu, au vyenye ukuta uliokakamaa kwa chokaa, havifai njia hii. CE4 na CE5, vilivyokwisha nguvu, visivyo na dalili hufuatiliwa tu kwa ultrasaundi. CE1 na CE3a (ambamo utando wa ndani umebanduka) chini ya sentimita 5 hutibiwa kwa albendazoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kilo kwa siku, dozi mbili, pamoja na chakula chenye mafuta. Vikubwa zaidi ya hapo hunyonywa kwa sindano kupitia ngozi, njia ndogo kuliko hata laparoskopia.

Vinavyobaki kwa kamera hasa ni CE2 na CE3b vilivyo karibu na uso wa ini. Bahati mbaya, hivyo ndivyo vilivyojaa vifuko vitoto na utando unaoziba mirija ya kunyonya. Ukiziba, fungua tumbo kabla shinikizo halijakifungua kifuko.