Jiki ya saa tatu usiku

Jamani gundi imenigomea tena. Tangu saa kumi na mbili nimebana bampa la mbele na kidole, nikiachia tu, paf, liko sakafuni. Gundi ya hivi vigari vya kuunganisha inayeyusha plastiki kidogo ndo inashika, sasa wao wameifunika na krome, iyeyushe nini? Na krome yenyewe jina tu, ni alumini imepakwa kwenye vakyumu, yaani chombo kilichonyonywa hewa, nyembamba kuliko wema wa baba mwenye nyumba, halafu chini kuna vanishi.

Dawa yake jiki. Nikavaa kandambili hadi kwa Mangi.

"Unafua saa hizi?"

Nikamjibu kwa heshima zote, sifui, natoa krome kwenye gari. Weee. Vijana wa boda pale kwenye benchi wote wakageuka. Mmoja akasema bosi jiki haitoi krome, lete rimu kesho twende Gerezani. Mwingine akauliza gari gani, nikasema Impala ya 1964. "Sitini na nne?! Spea unatoa wapi?" Nikasema zinakuja humohumo kwenye boksi, mdogo wangu kaniletea toka Marekani. Nikapishwa kiti. Hapo ningechukua jiki yangu nikasepa, lakini mdomo huu, si nikatoa bampa mfukoni niwaoneshe! Urefu wa kidole. Kimya. Mangi akalimulika na tochi ya simu, akaligeuza, akalimulika tena. Mama mmoja alofuata mkate akanihurumia, "Aa, kumbe ya mtoto! Ana miaka mingapi?"

"Arobaini na tatu."

Nimerudi nimeloweka kwenye bakuli, dakika kumi krome yote imeenda, limebaki linjano kama meno ya mvuta sigara. Ndo ile vanishi. Nikasuuza maji mengi, maana jiki ikikutana na spiriti unajitafutia kifo, nikaliweka kwenye spiriti, hapo niko kwenye kusugua na mswaki wa zamani, umeme ukakata. (Sait mira nilijaribu na rimuva ya kucha ya mama watoto, ikawa uji.)

Sasa nimekaa gizani na mswaki. Mama watoto anauliza bakuli lake la kachumbari liko wapi, nimenyamaza kama sipo. Na yule Mangi, chenji yangu mia mbili kanipa pipi mbili. Za kifua! Nani kamwambia nakohoa?