Shemeji Yenu Anataka Jina la Pande Zote

Jamani mnaosema kutafuta jina la mtoto ni raha, njooni kwangu Mbagala mchukue hiyo raha yote, sina kinyongo. Shemeji yenu amegoma kuambiwa jinsi ya mtoto. Tumelipia utrasaundi, daktari kashafungua mdomo aseme, mwenzangu kaziba masikio na vidole kabisa, eti tusimharibie sapraizi. Sapraizi ya nini wakati bei ya pampasi ni ile ile? Basi kwa kuwa hatujui anakuja nani, kaamua jina liwe la kike na la kiume hapo hapo, na lipatikane sasa hivi, mambo ya kuumiza kichwa siku nesi anajaza tangazo la kizazi yeye hataki.

Sasa huyu mwanamke amesahau ameolewa na nani. Mimi naitwa Faraja. Ndevu hizi, sauti hii ya kondakta, naitwa Faraja. Faraja anayejulikana nchi hii ni yule aliyechukua taji la Miss Tanzania 2004, halafu ndo nakuja mimi na kitambi. Nilivyoenda sekondari ya bweni kwenye kile kisanduku cha jinsi walishanijazia KE bila kuuliza mtu, nimefika na tranka langu na godoro kichwani, matroni kaangalia karatasi, kaniangalia mimi, karudi kwenye karatasi, akasema "mwambie dada yako aje mwenyewe, hatupokei kwa niaba." Nililala stoo na magunia ya maharage mpaka wakubwa walipoelewana. Hadi leo watu wa kudai mikopo wakinipigia wanaanza "habari dada Faraja", nikijibu "nzuri" na hili besi langu mtu anakata simu anajua kapiga namba siyo. Ndo faida pekee niliyowahi kuipata kwenye hili jina.

Mtu aliyepitia hayo unamwambia tena habari za jina la pande zote?

Ila ndani ya nyumba mnajua nani ana kura ya mwisho. Daftari lake la vikoba limegeuka daftari la majina, marejesho ya watu yako ukurasa wa mbele, nyuma ni majina yamekatwa katwa. La kwanza likawa Amani. Nikasema hilo mbona la kiume, Zanzibar Rais Amani Karume kaongoza 2000 mpaka 2010. Akampigia binamu yake aliye Muscat, akarudi anacheka, kule Amani ni mwanamke. Haya, basi ndo la pande zote lenyewe, tuandike tulale. Thubutu! Tunaliandikaje? Nikamwambia A-M-A-N-I, kwani kuna nini cha kuandika. Akasema mbona uwanja wa mpira kule Unguja umeandikwa Amaan, a mbili na i hamna. Mama, ule ni uwanja, haukai darasani ukaitwa mahudhurio! Wala hakunisikia, kashaandika Amaany.

Ile y jamani. Siku hizi y inamwagwa kwenye majina kama pilipili kwenye mihogo, utakuta Zawady, Imany, Tumainy, na wengine wanaongeza h mwishoni, Bahatih, sijui wanataka mwalimu akifika hapo apumue. Lugha yetu Mungu katujalia ukiona unasoma, sisi wenyewe tumekaa tunatafuta shida. Maana mimi najua mwisho wake, tangazo litaandikwa Amani, cheti kitoke Amany, shule waandike Amaani, siku mtoto anafuatilia kitambulisho anaambiwa hawa ni watu watatu tofauti, aende kwa wakili akaape kwamba wote hao ni yeye. Na wakili haapishi bure. Hela anatoa nani? Mimi hapa, dada Faraja.

Nikasema ngoja niokoe jahazi, nikataja Nuru, Furaha, Riziki. Hapo nikawa nimesahau ukweni. Ukweni ni Bariadi, kule herufi r haikufika. Baba mkwe ananiita Falaja miaka yote na nampenda sana mzee wangu, lakini mjukuu ataitwa Nulu, Fulaha, Liziki, mpaka likizo iishe mtoto ameshalizoea kuliko la kwenye cheti. Na kwetu tusijione wajanja, nina shangazi h zote huwa anaziacha njiani, Furaha kwake ni Furaa na Heri ni Eri. Toa r kwa ajili ya wakwe, toa h kwa ajili ya shangazi, hebu niambie umebaki na nini.

Mzee wa Bariadi mwenyewe haoni tatizo liko wapi. Anasema wangekuwa mapacha kazi imeisha, Kulwa na Doto, wawe wa kike wawe wa kiume hamna kikao, na atakayewafuata ni Shija. Kweli hapo Wasukuma wametuzidi akili. Doto Biteko kafika mpaka unaibu waziri mkuu, na Doto wa hapa mtaani kwetu ni mama anayenikaangia samaki, na hakuna siku watu wamewachanganya. Nikamuuliza shemeji yenu utrasaundi ilisema wangapi. Mmoja.

Tukampigia bibi yangu Muheza. Bibi hakufikiria hata kidogo, "Aitwe Tabu, mimba imemsumbua mwenzio." Bibi, Tabu kweli? "Tabu ana nini? Tabu Ley hakuwa mwanaume yule, akaimba Afrika nzima? Na mdogo wangu Tabu hakuwa mwanamke, akazaa tisa?" Kwa hoja bibi hana mpinzani. Tatizo siyo mtoto, tatizo ni mimi nitakayeitwa Baba Tabu. Mangi wa dukani sasa hivi tu ananikopesha kwa kuguna, akisikia Baba Tabu si ndo nimefutwa kwenye daftari?

Jirani yetu Mnyakyusa akaleta Atupele. Zuri, r hamna, h hamna. Waifu akauliza kama tunaweza kuweka l mbili.

Wakati sisi tunakesha, mtaa wenyewe haujasubiri mtu. Mama Doto wa samaki tangu aone tumbo anamuita mwenzangu Mama Kijacho, bodaboda wa kijiweni wakidaka wanapiga honi "Baba Kijacho, twende?", hadi baba mkwe juzi kwenye simu ananiuliza "Falaja, Kijacho anapiga mateke?" Kijacho kalitamka lote, hakuna herufi iliyodondoka. Bibi analitamka, shangazi analitamka, la kike sawa la kiume sawa, Mangi halimtishi. Nikasubiri jioni, namkuta anachambua mchele, nikamwambia kwa upole mama, jina si hili hapa watu wanalitumia?

Kanyamaza. Kafuta mikono kwenye kanga, kachukua daftari, kaandika, kalisogeza mbali kidogo kulitazama, akasema siyo baya. Nikachungulia.

Kaandika Kyjachoh.