Wameuza Redio na Hewa Yake

Jamani, kuna watu wana kifua! Mtu akitaka kuuza mbuzi mmoja huita ndugu kwanza wakajadiliana. Kampuni ya redio ya Clear Channel, ya Marekani, Novemba 2006 ilitangaza kwa mkupuo mmoja kwamba inauza vituo vya redio 448, vyote vya nje ya masoko 100 makubwa ya nchi (soko ni mji na eneo lake la wasikilizaji), pamoja na televisheni zake 42. Na bado ilibaki na mamia!

Hayo yote walipataje? Kabla tu ya 1996 tajiri mmoja aliruhusiwa vituo 20 vya AM na 20 vya FM nchi nzima, basi. Sheria ya mwaka huo ikafuta ukomo wa kitaifa, ikabakiza wa kila soko: palipo na vituo 45 au zaidi, mmiliki mmoja anaruhusiwa vituo vinane vya biashara, visizidi vitano vya FM wala vitano vya AM. Vinane! Unazungusha kitufe unatafuta mwingine, kumbe bosi ni yuleyule.

Sasa uliza kinachouzwa ni nini. Leseni, mtambo wa kurushia, antena, mkataba wa kupanga mnara, vifaa vya kupeleka sauti kutoka studio hadi mnarani. Mtangazaji? Thubutu! Mara nyingi yuko mji mwingine kabisa, amerekodi yale maneno ya katikati ya nyimbo tu. Kipindi cha saa nne kinarekodiwa chini ya saa moja, kompyuta inaunganisha. Ndiyo maana anakuambia "leo jua zuri, wapendwa" na wewe umeshika ndoo paa linavuja. Wakibadilisha ratiba ya nyimbo akisharekodi, anasifia wimbo huu, unalia ule. Jina la mji wenu nalo analitamka kama ugonjwa.

Utasema, si kuna serikali? Ipo. Muuzaji na mnunuzi wanapeleka fomu ya kuhamisha leseni kwa Tume ya Mawasiliano, FCC, na tangu Tume itangaze kwamba imeyakubali maombi kwa ajili ya kuyashughulikia, mwananchi ana siku 30 za kupinga. Haya, noa kalamu! Andika kwamba wanataka kuua muziki wenu. Pole. Tangu 1981 Mahakama ya Juu iliafiki msimamo wa Tume kwamba aina ya muziki iamuliwe na soko. Pinga idadi ya vituo, pinga umiliki wa kigeni uliozidi kiwango, pinga uongo kwenye fomu. Kinachokuuma wewe ndicho hakimo.

Kuna na mkataba wa kupangisha saa za hewani. Leseni inabaki kwa muuzaji, lakini mnunuzi anaanza kupanga vipindi kabla ya idhini. Barua yako ya kupinga inafunguliwa huko Washington, nyimbo zako zilishafutwa kwenye kompyuta zamani.