Kuapa si kufumba macho
Kuna mwandishi anayesema Mkristo akishaapa ndoa madhabahuni hana tena ruhusa ya kuwa na mambo asiyoyavumilia. Hapo tunaachana. Shida na raha sawa, ila kipigo si shida ya ndoa jamani! Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataja ukatili na uzinzi kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika, na bado mnapitia baraza la usuluhishi kwanza. Huku Mbagala kamati ya harusi inakaa kila wiki kugombania ukumbi, lakini kwenye mafundisho ya ndoa bwana harusi anachati, simu kaificha chini ya Biblia. Mwulizeni mapema: pombe, mikopo ya siri, mtoto wa nje. Matangazo yakishasomwa kanisani na kadi za michango zimegawiwa, nani atathubutu kurudi nyuma?